Mali Iliuzwa, Ardhi Haikuulizwa: Tathmini ya Mazingira katika Uondoshaji wa Mali za Serikali, Mzinga na Bonde la Ngerengere, Morogoro

Utangulizi

Mto Mzinga hushuka kutoka Milima ya Uluguru na kuingia Bwawa la Mindu, ambalo ndilo chanzo kikubwa cha maji ya Manispaa ya Morogoro. Kutoka Mindu maji hayo huendelea kwa jina la Ngerengere, hupita kandokando ya mji na eneo la viwanda la Kihonda, kisha huelekea mashariki hadi kuungana na Mto Ruvu. Ruvu nao ndio unaolipatia Jiji la Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Katika njia hiyo moja ya maji Serikali imewahi kumiliki mali za karibu kila aina: misitu ya hifadhi, mashamba ya mkonge, bwawa, viwanda vya ngozi, viatu, maturubai na nguo, nyumba za watumishi, na kiwanda cha Shirika la Mzinga ambacho hadi leo kiko chini ya wizara yenye dhamana ya ulinzi. Sehemu kubwa ya mali hizo imekwisha kuuzwa. Makala hii inauliza swali moja tu kuhusu mauzo hayo: mali ilipotoka mikononi mwa Serikali, ni kanuni gani iliyomtaka muuzaji aeleze hali ya ardhi na maji aliyokuwa akiyaacha?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kanuni ya namna hiyo haikuwapo wakati wa mauzo makubwa, na kwamba sheria iliyokuja baadaye haikuileta. Tathmini ya mazingira nchini Tanzania ilizaliwa ikiwa imefungamanishwa na mradi. Humfuata anayejenga, anayechimba na anayepanua. Anayeuza humwacha aende zake. Jambo hili lina historia ndefu kuliko ubinafsishaji wenyewe, na historia hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini pengo limedumu.

Maneno mawili yafafanuliwe mapema. Uondoshaji wa mali, katika makala hii, ni tendo lolote la kisheria ambalo kwalo Serikali au shirika lake linaacha kumiliki kitu: kuuza kwa zabuni au mnada, kukihamishia taasisi nyingine, au kukiharibu. Mali ya ziada ni ile ambayo mwenyewe ametamka kuwa haihitaji tena, iwe chakavu au nzima. Ama jina Mzinga, wajuao Kiswahili wanafahamu kwamba mzinga ni silaha na pia ni makazi ya nyuki. Katika Morogoro ya leo jina hilo ni la mto, la kata na la shirika, na msikilizaji huamua kwa muktadha. Makala hii inayahitaji yote matatu.

Kutoka mali ya adui hadi ardhi ya umma

Uuzaji mkubwa wa kwanza wa mali zilizokuwa mikononi mwa dola katika Morogoro ulitangulia ubinafsishaji kwa miaka 70. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mashamba ya Wajerumani yalitwaliwa kama mali ya adui, yakawekwa chini ya msimamizi maalumu, na kuanzia miaka ya mwanzo ya 1920 yakauzwa kwa walowezi na wafanyabiashara wa Kigiriki, Kihindi na Kiingereza. Reli ya Kati ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, hivyo mashamba ya mkonge ya kandokando ya reli yalikuwa na wateja. Kilichothaminiwa ni ekari, mimea iliyosimama, mashine za korona na umbali kutoka stesheni. Korona hutumia maji mengi kuosha nyuzi, na maji hayo hutoka yakiwa na tindikali pamoja na makapi ya majani. Mahali yalipomwagwa hapakuwa na uzito wowote katika sheria ya wakati ule.

Mwaka 1923 Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Msingi huo ulirithiwa na dola huru na umo hata katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, isemayo kwamba ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Jambo hili litarudiwa mbele, kwa sababu linabadilisha maana ya neno kuuza.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kudai kwamba dola ya kikoloni haikujali mazingira ya Uluguru. Iliyajali sana, ila iliwabebesha wengine mzigo wake. Wajerumani walitangaza hifadhi ya msitu wa Uluguru mwaka 1909. Waingereza walianzisha Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru mwaka 1950, ambao uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao ya milimani ili kuzuia mmomonyoko na kulinda vyanzo vya maji. Wakulima walijua walichokuwa wakikikataa: matuta yale yalifukia udongo wa juu wenye rutuba na kufunua udongo wa chini usiozaa. Julai 1955 upinzani ulifikia kilele huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Tukio hili huandikwa zaidi katika historia ya harakati za uhuru. Linafaa kusomwa pia katika historia ya kanuni za mazingira, kwa kuwa linaonyesha mwelekeo wa awali: kanuni ilipanda mlimani kumtafuta mkulima mdogo, nayo dola kama mmiliki wa mali ilibaki nje ya kanuni hiyo.

Serikali yajikagua yenyewe

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliigeuza Serikali kuwa mmiliki mkuu wa uchumi. Oktoba mwaka huohuo sehemu kubwa ya tasnia ya mkonge ilitwaliwa. Katika miaka ya 1970 Morogoro ikachaguliwa kuwa mji wa viwanda, na kwa muda mfupi mji wa reli na mkonge ukapata viwanda vya ngozi, viatu, maturubai na nguo za poliesta. Shirika la Mzinga lilianza katika kipindi hichohicho kwa msaada wa China na kupewa hadhi ya shirika la umma mwaka 1974.

Kiwanda cha viatu ndicho kilichopata umaarufu, ingawa kwa sababu zisizotamanika. Kiligharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 1977, kikakusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Hakikuwahi kuvuka asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Wanauchumi wamekitaja mara nyingi kama mfano wa mkopo uliopotea. Kwa mwanahistoria wa mazingira kiwanda jirani cha ngozi kina uzito zaidi. Kusindika ngozi ni kazi ya kemia: chokaa na salfaidi huondoa manyoya, chumvi za kromiamu huizuia ngozi isioze. Kromiamu isiyonaswa na ngozi huishia katika maji taka na katika tope la mabwawa ya kusafishia, na haiondoki kwa kuwa mitambo imezimwa. Kiwanda cha nguo nacho hutoa maji ya rangi na magadi. Haya si madai dhidi ya kiwanda fulani. Ni maelezo ya kazi zenyewe, ambayo mthamini yeyote wa miaka ya 1990 angeweza kuyapata katika kitabu cha kawaida cha kemia ya viwanda.

Je, sheria ilikuwapo? Ilikuwapo, angalau juu ya maji. Sheria ya Matumizi ya Maji ya mwaka 1974, Namba 42, iliweka utaratibu wa haki za maji, na marekebisho yake ya mwaka 1981 yaliongeza viwango vya maji taka yanayoruhusiwa kuingia mitoni. Mwaka 1983 Bunge lilipitisha Sheria Namba 19 iliyoanzisha Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lakini baraza hilo lilipewa kazi ya kushauri tu, bila mamlaka ya kuzuia. Udhaifu wa utaratibu mzima ulikuwa katika umiliki. Kiwanda cha umma kiliomba ruhusa kwa ofisi ya umma, na faini, kama ingetozwa, ingetoka katika mfuko mmoja wa umma na kuingia katika mwingine. Meneja aliyekosa fedha za kigeni za kununulia vipuri asingetarajiwa kuziomba kwa ajili ya bwawa la kutulizia tope. Katika miaka hiyohiyo Bwawa la Mindu lilikuwa likijengwa, likikusudiwa kuhudumia mji pamoja na viwanda vyake. Kwa hiyo Serikali ilikuwa mmiliki wa maji yanayoingia kiwandani, wa kiwanda chenyewe, na wa mto unaopokea kinachotoka.

Miaka ya kuuza

Sheria ya Mashirika ya Umma ya mwaka 1992, pamoja na marekebisho ya mwaka 1993, iliipa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake cha PSRC, jukumu la kurekebisha na kuuza mashirika yapatayo 400. Mwaka mmoja kabla, yaani 1991, kilikuwa kimeundwa chombo kingine, LART, cha kukusanya madeni mabaya ya mabenki ya umma kwa kuuza mali za wadaiwa. Lugha ya vyombo hivyo viwili ilikuwa ya mizania: mtaji, deni, thamani ya mitambo, mafao ya wafanyakazi, bei. Tope la kromiamu si mtaji wala si deni lililoandikwa na mhasibu yeyote, na kwa hiyo halikuwa na safu katika hesabu hizo.

Huenda msomaji akaona kwamba hapa tunawahukumu watu wa mwaka 1992 kwa maarifa ya leo. Pingamizi hilo ni zito na linastahili kujibiwa kwa ushahidi. Nchini Marekani, Sheria ya Mali za Serikali ya mwaka 1949 ilikuwa imeratibu uuzaji wa mali za ziada kwa miongo minne. Sheria ya Sera ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 1969 ikazitaka taasisi za shirikisho zitathmini athari za matendo yao makubwa, na kuuza mali ni tendo la taasisi. Mwaka 1986 likaongezwa sharti kali zaidi katika sheria ya usafishaji wa maeneo yenye sumu. Tangu hapo taasisi ya shirikisho inapohamisha ardhi ambako kemikali hatari zilihifadhiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, zilimwagika au zilitupwa, hutakiwa kutaja aina na kiasi chake, na kuandika katika hati ya uhamisho kwamba hatua zote za usafishaji zimechukuliwa. Hatua yoyote itakayoonekana kuhitajika baadaye hubaki mzigo wa Serikali. Ujerumani Mashariki, ambako maelfu ya viwanda vya umma vilikuwa vikiuzwa kwa kasi kubwa kuliko Tanzania, sheria ya mazingira iliyoanza kutumika Julai 1990 ilimruhusu mnunuzi kuomba aondolewe dhima ya uchafuzi uliofanyika kabla yake. Njia hizi mbili zinatofautiana sana. Ya kwanza inamfunga muuzaji, ya pili inamkinga mnunuzi. Zote mbili, hata hivyo, zinakiri kwamba kiwanda kinapouzwa kuna kitu ardhini kinachopaswa kutajwa. Maarifa hayo yalikuwapo duniani kabla PSRC haijafungua ofisi.

Yalikuwapo hata kwa washauri wa karibu. Benki ya Dunia ilitoa mwongozo wake wa tathmini ya mazingira mwaka 1989 na kuurekebisha mwaka 1991. Mwongozo huo ulihusu miradi ya uwekezaji. Mikopo ya marekebisho ya uchumi kwa ujumla, ambayo ndiyo iliyosukuma ubinafsishaji, ilibaki nje yake. Tazama basi mwenendo wa jambo: kiwanda cha ngozi kingejengwa upya mwaka 1992 kwa fedha za Benki, kingehitaji tathmini. Kikiuzwa chini ya mpango wa marekebisho uliogharimiwa na Benki hiyohiyo, hakikuhitaji. Mpaka kati ya mradi na mali, ambao baadaye tutauona katika sheria ya Tanzania, ulikuwa tayari umechorwa mahali pengine.

Watetezi wa kasi ya mauzo wana hoja inayopaswa kusikilizwa. Viwanda vilivyofungwa vilikuwa vikiibiwa mabati, nyaya na mota usiku kwa usiku. Wafanyakazi walidai mafao. Hazina ilidaiwa. Kila mwezi wa uchunguzi wa udongo ungeipunguza bei, na pengine kumkimbiza mnunuzi pekee aliyejitokeza. Wamarekani wenyewe walilegeza sharti lao mwaka 1996, wakaruhusu uhamisho wa mapema kabla ya usafishaji kukamilika endapo gavana wa jimbo anaridhia, kwa sababu kambi nyingi za kijeshi zilizofungwa zilikuwa zimekaa bila mwenyewe. Lakini tuangalie walicholegeza. Usafishaji uliweza kuahirishwa; taarifa haikuondolewa. Na taarifa ndiyo ya bei nafuu kuliko vyote. Orodha ya kemikali zilizobaki ghalani, mchoro wa mabwawa ya tope na sampuli chache za udongo na maji visingevunja biashara ya mtu yeyote wa haki.

Funzo la Vikuge

Kinachotokea mali ikiondolewa bila ardhi kuangaliwa kinaonekana vizuri zaidi nje kidogo ya Morogoro, katika shamba la Serikali la Vikuge, Kibaha, Mkoa wa Pwani. Katikati ya miaka ya 1980 lilipokelewa hapo shehena kubwa la viuatilifu kama msaada kutoka Ugiriki. Sehemu yake ilikuwa imekwisha kupita muda wa matumizi. Viliwekwa katika banda la wazi, banda likaharibika, mvua ikanyesha juu ya mifuko na madumu kwa miaka. Hatimaye, katika miaka ya 1990, shehena liliondolewa. Kwa mtunza ghala suala lilikuwa limekwisha: mali ya ziada ilitamkwa kuwa haifai, ikahesabiwa, ikahamishwa, daftari likafungwa.

Wataalamu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa nje waliporudi kupima udongo, walikuta DDT na viuatilifu vya jamii ya HCH vikiwa bado katika viwango vya kutisha, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Vikuge haikuwa na mnunuzi, haikuwa na kiwanda wala mradi mpya. Ilikuwa na ghala tu. Ndiyo maana kisa hiki ni safi kwa uchambuzi: kinatenganisha mali na mahali ilipokaa. Daftari lilifunga habari ya mali. Habari ya mahali haikuwa na daftari.

Mwaka 2005 ulizinduliwa Mpango wa Afrika wa Kuondoa Akiba za Viuatilifu Vilivyopitwa na Wakati, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za awamu ya kwanza. Hapo ndipo akiba za namna hiyo zilipoanza kuorodheshwa kitaifa pamoja na hali ya maeneo yake. Kazi ambayo kwa viwanda vilivyouzwa haikuwahi kufanywa kwa mfumo, kwa viuatilifu ilifanywa, kwa sababu fedha za kimataifa ziliidai.

Sheria ya 2004 na mpaka wake

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20 ya mwaka 2004, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2005, na kwa haki inahesabiwa kuwa mageuzi makubwa. Kifungu cha 4 kinampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. NEMC ilipewa meno ambayo sheria ya 1983 iliyanyima. Kifungu cha 81 kinamtaka anayekusudia kuanzisha mradi ulioorodheshwa afanye, kwa gharama yake, tathmini ya athari kwa mazingira kabla mradi haujaanza au kugharimiwa. Kanuni za Tathmini na Ukaguzi wa Mazingira zilifuata kwa Tangazo la Serikali Namba 349 la mwaka 2005, zikarekebishwa mwaka 2018 kwa Tangazo Namba 474 lililoigawa miradi katika makundi kulingana na uzito wa athari.

Soma vifungu hivyo ukimtafuta muuzaji na hutampata. Anayesemeshwa ni mwenye mradi. Cheti cha mazingira kinaweza kuhamishwa kutoka mtu hadi mtu, ila kwanza lazima kiwepo, na viwanda vya Morogoro vilijengwa na kuuzwa kabla cheti hakijabuniwa. Ukaguzi wa mazingira unahusu shughuli zinazoendelea, lakini kiwanda kilichofungwa mwaka 1990 hakiendelei. Masharti ya kufunga mradi na kurejesha eneo katika hali njema yanamdai yule anayefunga, naye alikuwa shirika la umma lililokwisha kufutwa katika daftari la mashirika. Hapo kanuni ya mchafuzi kulipa, ambayo sheria inaikumbatia miongoni mwa misingi yake, inakutana na swali ambalo haikulitarajia: mchafuzi ni nani, ikiwa aliyechafua alikuwa Serikali, aliyenunua hakuchafua, na shirika lililokuwa kati yao halipo tena? Shughuli za PSRC zilihamia kwa shirika lililorithi mali zake na baadaye kwa Msajili wa Hazina. Mali na madeni vina mrithi anayejulikana. Tope halina.

Sheria ya ununuzi wa umma ingeweza kuziba pengo kutoka upande wa pili. Tangu sheria ya mwaka 2004, Namba 21, kisha ile ya 2011, Namba 7, na sasa ya 2023, Namba 10, uondoshaji wa mali za umma kwa zabuni umekuwa ukiratibiwa pamoja na ununuzi. Roho ya sheria hizo ni ushindani, uwazi na thamani ya fedha, kwa kuwa maradhi yaliyokusudiwa kutibiwa yalikuwa upendeleo na bei za kutupa. Kenya imekwenda hatua moja mbele: sheria yake ya ununuzi na uondoshaji wa mali ya mwaka 2015 inataka taka za kielektroniki na za mionzi zikabidhiwe kwa wale tu waliopewa leseni chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Ni hatua ndogo, na inahusu vifaa kuliko ardhi, lakini inaonyesha kwamba sheria hizi mbili zinaweza kutajana. Uuzaji wa nyumba za Serikali ulioanza mwaka 2002 hatuuingizi katika uchambuzi huu. Ulizua mjadala mkubwa wa haki na bei, ila nyumba ya mtumishi haiachi kromiamu.

Kuna mlango mmoja katika sheria yenyewe ambao, kwa maoni ya mwandishi, haujatumika inavyostahili. Kifungu cha 104 kinataka tathmini ya kimkakati ya mazingira wakati wa kuandaa miswada, kanuni, sera na programu zinazoweza kuathiri mazingira. Kuuza au kugawa upya kundi zima la viwanda vya umma ni programu kwa maana yoyote ya kawaida ya neno hilo. Tafsiri hii haihitaji sheria mpya. Inaungwa mkono pia na Sheria ya Ardhi: kwa kuwa ardhi yote hubaki ya umma na Rais ni mdhamini, Serikali ya Tanzania inapouza kiwanda inauza majengo, mitambo na haki ya kutumia ardhi. Yenyewe hubaki kuwa mdhamini wa ardhi hiyohiyo. Serikali ya Marekani, ambayo huachana kabisa na ardhi yake, imejifunga kutoa taarifa. Mdhamini asiyeachana nayo ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo.

Pengo hili linaonekana kwa ukali zaidi ukisimama Mindu. Kifungu cha 57 cha sheria ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa, na amri za kuwaondoa wanaolima kandokando ya Mindu zimetolewa mara kwa mara. Lengo lake ni halali, kwa kuwa bwawa hupungua kina kwa tope la mmomonyoko na mji unakosa maji. Lakini mkulima wa mboga kando ya Mto Mzinga amepimiwa hatua zake kwa futi ya chuma, na kilomita chache kuelekea chini kiwanja cha kiwanda kimebadilisha mmiliki bila mtu kupima chochote ila eneo na bei. Mjukuu wa aliyechimba matuta Matombo asingeuona mpangilio huo kuwa mgeni.

Kisichouzwa na kinachorudi

Shirika la Mzinga lenyewe halikuuzwa. Mali za ulinzi ziliwekwa nje ya ubinafsishaji, na kwa sababu hiyo Mzinga ni mfano wa pekee wa kiwanda cha umma cha miaka ya 1970 katika Morogoro ambacho mmiliki wake, anayeulizwa na anayejibu, hajabadilika. Hilo halimaanishi kwamba mali za ulinzi haziwi za ziada. Milipuko ya maghala ya silaha ya Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011 iliua makumi ya watu Dar es Salaam, na ikaweka wazi kwa wananchi kwamba risasi na mabomu yaliyohifadhiwa karibu na makazi ni suala la mazingira ya binadamu kama ilivyo kemikali ya kiwandani. Mjadala uliofuata ulihusu usalama, fidia na umbali wa makazi kutoka kambini. Namna akiba za silaha zilizopitwa na wakati zinavyoteketezwa, na ardhi inavyokuwa baada ya hapo, haikupata nafasi kama hiyo.

Katika miaka ya Serikali ya Awamu ya Tano baadhi ya viwanda vilivyobinafsishwa, ambavyo wanunuzi walishindwa kuviendeleza kwa mujibu wa mikataba, vilitwaliwa na kurudi kwa Msajili wa Hazina. Kigezo cha kutwaa kilikuwa utekelezaji wa mkataba: je, mnunuzi amewekeza, amezalisha, ameajiri? Kwa kila kiwanja kilichorudi, Serikali sasa ni mmiliki mara ya pili wa ardhi yenye historia mbili, moja ya kwake na moja ya mnunuzi. Mabwawa ya zamani hayasemi ni ipi kati yake iliyojaza tope gani, na kipimo cha kwanza cha mwaka wa mauzo, ambacho kingeamua, hakikuchukuliwa. Viwanja hivyo vinatafutiwa wawekezaji wapya. Kisheria tathmini ya mazingira ya kila kimoja itaanza pale ilipoanzia siku zote, yaani siku mwekezaji atakapouandikisha mradi wake NEMC.